Kusoma chuo huku unafanya kazi Malindi, panga hivi

Wenzangu wa Malindi mnaosoma pale Kilifi na mnatafuta kibarua cha kujikimu, anzeni na taimtebo ya semista kabla hata ya kuuliza mshahara. Wengi huchukua kazi kwanza alafu masomo yangoje nafasi itakayobaki, na jamani huwa haibaki.

Utalii wa huku una msimu wake. Disemba mpaka Machi, wakati wa kaskazi, wageni wanajaa, Wataliano na wale wa Nairobi wa krismasi, mahoteli yanataka watu. Ikifika masika hoteli nyingi zinafunga ama zinapunguza watu. Kwa hivo likizo ya Disemba piga kazi kila siku uweke akiba, chuo kikifunguliwa Januari omba wikendi tu, hata wakikwambia hela ni nzuri. Ukitaka ya mwaka mzima tafuta isiyotegemea wageni: duka la M-Pesa, saiba ya intaneti, ama tuisheni ya watoto wa majirani jioni. Mimi naipenda tuisheni, hulipwi nyingi lakini hakuna wa kukupigia saa nne usiku uje uzibe pengo la mtu.

Sasa hii ndo muhimu zaidi. Siku ya kwanza kazini andika kwa karatasi siku zako za darasa, wiki za CAT (ile mitihani midogo ya katikati ya semista) na wiki za mtihani, mpe supavaiza mkononi alafu mtumie picha yake WhatsApp ibaki pale. Wiki moja kabla ya CAT mkumbushe kwa adabu: "Bosi habari za kazi, ile wiki niliyokuonyesha ndo yaja, nimeongea na mwenzangu ashakubali tubadilishane shifti." Huyo mwenzako mtafute wewe mwenyewe, usimwachie bosi.

Shifti ya usiku kabla ya darasa la asubuhi kataa kabisa, manake Malindi mpaka Kilifi ni kama kilomita 60 na matatu mpaka ijae, utafika ndio lakini utalala darasani.

Mshahara ukiingia toa karo kwanza hata kidogo kidogo, mkopo wa serikali wa HELB waweza kuchelewa na vyuo vingi havikupi kadi ya mtihani ukiwa na deni.

Na ukizidiwa kabisa usipotee kimya kimya, nenda idarani uulize utaratibu wa kuahirisha semista, andika barua mapema kabla mitihani haijaanza na ubaki na kopi iliyopigwa muhuri.