Kuchapisha Makala kwenye Tovuti Tuli: Jina la Faili, Tarehe na Saa

Tovuti tuli haina hifadhidata wala ukurasa wa kuingilia kwa nywila. Ni mkusanyiko wa mafaili yaliyokwisha kutayarishwa, na kazi ya seva ni kumkabidhi msomaji faili aliloliomba. Kwa kikundi cha wakulima wa zabibu wa Hombolo, mkoani Dodoma, ambacho tovuti yake naitunza, faida huonekana shambani, kwa kuwa ukurasa ni mwepesi na hufunguka hata kwenye simu iliyobakiwa na bando kidogo. Maelezo haya yanahusu Jekyll, programu ya kujenga tovuti tuli, yaani kuyageuza maandishi yako kuwa kurasa, iliyotolewa na Tom Preston-Werner mwaka 2008. Anayetumia Hugo, programu nyingine ya aina hii, atakuta majina ya folda ni mengine, ila utaratibu unafanana.

Anza na rasimu. Iandike kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio, na uiweke katika folda ya `_drafts`, ambako jina la faili halidai tarehe, kisha utoe amri `jekyll serve --drafts` na kuifungua tovuti katika kivinjari cha kompyuta yako kwenye anwani `localhost:4000`. Lifinye dirisha hadi lifikie upana wa simu kabla ya kuisoma, kwa sababu wasomaji wengi wa kikundi chetu hawana kompyuta. Rasimu ikishaiva, ihamishie `_posts` na uipe jina linaloanza na tarehe, kwa mfano `2025-03-10-bei-ya-zabibu.md`. Juu kabisa ya faili panakaa utangulizi, uliofungiwa kati ya mistari miwili ya vistari vitatu:

```
---
layout: post
title: "Zabibu: bei ya msimu huu"
date: 2025-03-10 08:00:00 +0300
---
```

Alama za kunukuu katika kichwa si mapambo. Sisi hupenda vichwa vyenye nukta pacha, nayo nukta pacha ya pili katika mstari mmoja huichanganya programu, ikashindwa kuusoma utangulizi wote, na makala ikatoka bila kichwa wala mpangilio wake.

Mstari wa `date` ndio unaotusumbua kuliko yote. Jekyll, isipoelekezwa vinginevyo, huiruka makala ambayo saa yake haijafika. Katibu wetu aliwahi kumaliza makala saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda shambani, akaandika 11:00 kama anavyoihesabu saa kila siku, ilhali kompyuta ilitaka 05:00. Makala haikuonekana asubuhi hiyo, wala haikuonekana saa tano ilipotimia, kwa sababu tovuti tuli haijijengi yenyewe: iliyorukwa wakati wa ujenzi hubaki nje mpaka mtu aijenge tovuti upya. Mtego wa pili ni huohuo kwa sura nyingine. Seva nyingi za ujenzi hufuata saa za UTC, yaani saa rasmi za kimataifa, zilizo nyuma ya saa zetu kwa saa 3, hivyo saa mbili ya asubuhi ya Dodoma iliyoandikwa 08:00 bila `+0300` itahesabiwa kuwa saa tano. Andika `+0300` kila mara, na katika `_config.yml`, faili la mipangilio ya tovuti nzima, uongeze `timezone: Africa/Dar_es_Salaam`.

Katika faili hilohilo ongeza pia `permalink: /makala/:title/`. Bila mstari huo, anwani ya makala hubeba mwaka, mwezi na siku, na ukisogeza tarehe baadaye, kiungo ulichokwisha kukituma kwenye kundi la WhatsApp kitakuwa kimekufa.

Picha zipunguze kabla hazijaingia. Upana wa pikseli 1200 unatosha kabisa kuonyesha kichala cha zabibu, wakati picha ghafi ya simu inaweza kuzidi megabaiti 4 na kummalizia msomaji bando lake.

Kinachobaki ni kuikabidhi makala kwa Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la mafaili: `git add`, kisha `git commit` yenye ujumbe unaoeleweka, kisha `git push`, inayoyapeleka mabadiliko kwenye seva ili tovuti ijengwe upya. Mimi huweka makala moja katika kila `commit`, ili ikilazimu kuiondoa nitumie `git revert` bila kugusa kazi ya mwenzangu. Subiri ujenzi ukamilike, halafu uifungue makala kwa simu yako ukitumia data ya mtandao wa simu, si kwenye kompyuta uliyoiandikia, ambayo inaweza kukuonyesha nakala ya zamani iliyohifadhiwa na kivinjari.

Kosa likigundulika baada ya kuchapisha, rekebisha maneno ndani ya faili na uongeze mstari mfupi chini unaotaja tarehe ya marekebisho, lakini jina la faili liache lilivyo. Kama jina lenyewe ndilo lenye kosa na huna budi kulibadili, tumia programu-jalizi ya `jekyll-redirect-from`, na katika utangulizi uandike anwani ya zamani mbele ya `redirect_from`, ili aliyehifadhi kiungo cha awali afikishwe kwenye ukurasa mpya.