Kutafuta Boliti, Springi na Pini za Injini Ndogo Unguja na Pemba

Injini ya pampu ya maji au ya jenereta inaweza kulala wiki nzima kwa kukosa kipande kisichofika uzito wa sarafu, na kwa fundi aliyeko Wete au Mkoani nauli ya kukifuata Unguja huzidi bei ya kipande chenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mezani, kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi kilichovunjika, hata kama kimeliwa na kutu. Boliti ikiwa imepotea kabisa, fungua iliyo jirani yake uitumie kama mfano, lakini pima pia kina cha tundu, kwani boliti za kifuniko kimoja huweza kuhitilafiana urefu.

Hatua ya pili ni kupima unene, urefu chini ya kichwa, na nafasi ya hesi, yaani umbali kati ya mfereji mmoja na mwingine katika mifereji inayoizunguka boliti. Namba ya spana isikudanganye: boliti ya milimita 8 katika injini nyingi za Kijapani hufunguliwa kwa spana namba 12, ilhali ya kawaida ya dukani hutaka namba 13. Asiye na kipimo cha hesi aweke rula, apime nafasi 10 za hesi, kisha agawe kwa 10. Boliti ya kawaida ya milimita 8 itatoa milimita 12.5 kwa nafasi hizo 10. Injini nyingi za Briggs & Stratton, zenye asili ya Marekani, hutumia inchi; boliti ya 5/16 ina unene wa milimita 7.94, tofauti ambayo jicho haliioni, lakini yenye hesi pana itatoa milimita 14 na ushei. Ukiilazimisha ya milimita katika tundu la inchi, itaingia mizunguko miwili mitatu kisha itakaza, na anayeongeza nguvu hapo huzing'oa hesi za alumini zote.

Hatua ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa zaidi, ni kujiuliza kipande hicho kiliwekwa kwa kazi gani. Pini ya pangaboi katika injini nyingi ndogo za mashua imetengenezwa ikatike pangaboi linapogonga mwamba, ili gia zisalimike. Anayeweka kipande cha msumari wa chuma kigumu badala yake ameuhamishia mkatiko ndani ya gia. Kii laini ya flaiwili, yaani kipande kidogo kinacholishika gurudumu zito la injini mahali pake kwenye shafti, nayo haibadilishwi kwa ya chuma kigumu. Springi ya gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, ndiyo yenye hila kuliko zote, kwa sababu springi yenye urefu uleule lakini ngumu zaidi itaongeza kasi hiyo: jenereta nyingi ndogo hutakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili zitoe umeme wa hezi 50, na zikipita hapo friji ya mwenye nyumba iko hatarini. Kwa vipande hivi vitatu, tafuta cha injini ileile au usifunge kitu.

Hatua ya nne ni kutafuta. Anza na injini zilizokufa nyuma ya karakana, kisha maduka ya Darajani na Mwanakwerekwe, au ya Chake Chake kwa aliyeko Pemba. Ukilazimika kuagiza Kariakoo, tuma namba ya modeli iliyogongwa kwenye injini pamoja na picha ya kipande kikiwa kando ya rula, maana maneno "boliti ya kabureta" hayamsaidii muuzaji. Kwa boliti za nje zinazopigwa na maji ya chumvi, chagua chuma kisichoshika kutu chenye alama ya A4 kuliko A2. Penye boliti yenye alama ya 10.9 kichwani, yaani ya nguvu kubwa, usiweke chochote kati ya hivyo viwili, kwani kwa kawaida nguvu zake ni ndogo.

Kipande kikifika, kisafishie njia, kipake grisi kidogo kama kinaingia kwenye alumini, na ukizungushe kwa vidole mpaka kikae ndipo ushike spana.