Jinsi ya kubadilisha bomba la sinki la jikoni mwenyewe (na kwa nini usikaze sana)

Kama bomba la jikoni linadondosha usiku kucha hata ukilifunga mpaka mwisho, usikimbilie kununua jingine, mara nyingi ni washa (kile kipete cha kuzuia maji) au katriji ya ndani (sehemu inayofungua na kufunga maji) imechoka na hiyo inabadilishwa peke yake. Ila kama shingo imeliwa na kutu, au bomba linacheza pale linapokaa na maji yanashuka kabatini, hapo toa lote uweke jipya. Kazi siyo ngumu, saa moja au mbili hivi, kinachochosha ni kulala chali chini ya sinki mkono uko juu na huoni unachoshika.

Kabla hujaenda dukani ingia chini na tochi upige picha. Hesabu matundu ya sinki, miksa nyingi za siku hizi (bomba moja linalochanganya maji ya moto na baridi) zinakaa kwenye tundu moja la kama milimita 35, sasa kama sinki lako lina matundu matatu tafuta bomba lenye bamba la kufunika yale mengine. Angalia na koki za chini, zile za kufungia maji chini ya sinki, nyingi ni za nusu inchi ila hakikisha, halafu pima kutoka koki mpaka bomba ili fleksibo (zile paipu laini zinazopeleka maji kwenye bomba) zifike bila kuvutika wala kujikunja. Na fleksibo nunua mpya tafadhali, hata kama za zamani unaziona nzima, maana ule waya wa nje unaficha mpira wa ndani unaozeeka na siku ukipasuka utakuta jikoni pamekuwa bwawa.

Vifaa: spana malaya (ile unayorekebisha upana wa mdomo), ndoo, matambara, mafuta ya kulegeza kutu. Kama nafasi ya nyuma ya sinki ni finyu tafuta ile spana ndefu ya sinki yenye kichwa kinachogeuka, bila hiyo utateseka.

Haya, toa kila kitu kabatini, kama una hita ya maji izime, funga koki zote mbili za chini kisha fungua bomba la juu liishe maji. Subiri kidogo uone, likiendelea kutiririka ujue koki haifungi vizuri, basi kafunge koki kuu ya nyumba.

Weka ndoo, legeza fleksibo kwenye koki. Hapa watu wengi wanaharibu: wanazungusha nati na koki nayo inazunguka mpaka paipu ya ukutani inapasuka. Shika koki kwa mkono mmoja, au kwa spana ya pili, ndo ufungue. Nati inayoshika bomba chini ya sinki mara nyingi imeganda, ipulizie mafuta uiache dakika 20, na kumbuka ukiwa umelala unaitazama kutoka chini bado inafunguka kinyume cha saa, kichwa kikichanganyikiwa unajikuta unaikaza zaidi.

Bomba likitoka safisha pale lilipokuwa, ile chokaa nyeupe inatoka kwa siki na mswaki, usiiache maana mpira mpya hautakaa sawa juu yake.

Kwa miksa ya tundu moja, funga fleksibo kwenye bomba jipya kwanza kabla hujalisimamisha, kwa mkono tu, mwisho wake una mpira unaozuia maji. Weka mpira wa chini ya kitako, pitisha tunduni, halafu kwa chini washa ya mpira, ya chuma, nati. Mtu akushikie juu linyooke wakati unakaza. Kisha fleksibo ya moto kwenye koki ya moto, kawaida kushoto, ya baridi kulia.

Kukaza sasa. Kwa mkono mpaka igome, halafu robo mzunguko kwa spana, basi. Mi la kwanza nililikaza kwa nguvu zote nikidhani nalilinda lisivuje, washa ikakatika ndani, na baada ya wiki mbili mbao za kabati zilishavimba. Kinachozuia maji pale ni mpira, siyo nguvu zako. Na ile tepu nyeupe usiizungushie kwenye nati ya fleksibo yenye washa, haina kazi pale, tepu ni ya chuma kwa chuma, mfano ukibadilisha koki yenyewe ukutani.

Ukimaliza fungua kichujio cha mdomo wa bomba, achia koki taratibu, maji yapite kama dakika moja yatoe mchanga na vipande vya kutu, kisha rudisha kichujio. Futa viungo vyote vikauke, pitisha tishu kavu kila nati, tishu inaonyesha unyevu ambao macho hayauoni. Tandika karatasi kavu chini ulale, asubuhi uangalie. Ukikuta tone usikimbilie spana, funga maji, fungua hiyo nati, angalia washa kama imekaa upande, ipange upya ufunge tena kwa mkono.