Maneno ya gari-nyumba: fuata maji, umeme na uzito

Niliponunua gari-nyumba la kwanza nilikariri orodha ndefu ya istilahi, kuanzia A hadi Z, kama mtoto anayesubiri mtihani. Safari ya kwanza nikaambiwa nafasi yangu kambini ni ya "huduma nusu", nikaitikia kwa kichwa kama mzoefu. Siku ya tatu tangi la choo lilijaa, na hapo ndipo nilipojua kuwa kilichokosekana katika ile nusu ni bomba la maji taka. Tangu siku hiyo sifundishi wanagenzi kwa orodha. Nawazungusha kwenye gari, neno lishikwe kwa mkono.

Hatua ya 1: Jua gari lako ni la kundi gani

Kuna yenye injini na kuna ya kukokotwa. Yenye injini hupewa daraja A, B au C, na herufi hizo hudanganya kwa sababu hazifuati ukubwa. Daraja A lina umbo la basi. Daraja B ni veni iliyogeuzwa kuwa nyumba, nalo ndilo dogo kuliko yote. Daraja C, lenye kitanda kinachotokeza juu ya kichwa cha dereva, kwa kawaida huwa katikati.

Kwa za kukokotwa, trela ya kawaida hufungwa nyuma ya gari kwenye tufe la chuma. Ile iitwayo "gurudumu la tano" hupachikwa ndani ya bodi ya pikapu. Usihangaike kulitafuta gurudumu lenyewe. Jina limerithiwa kutoka magari ya farasi, ambako duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele liliiwezesha kugeuka.

Hatua ya 2: Fuata maji

Hapa usiwe na haraka. Chukua utepe wa karatasi na kalamu, kisha bandika jina kwenye kila tundu na kila vali unayoiona nje ya gari.

Matangi kwa kawaida ni matatu. *Maji safi* ni ya kunywa na kuoga. *Maji ya kijivu* ni yaliyotoka kwenye sinki na bafu. *Maji meusi* ni ya choo. Kwa kuingiza maji, magari mengi yana tundu mbili zinazofanana kama pacha: moja hujaza tangi la maji safi, nyingine hupokea maji ya bomba la kambini na kuyapeleka moja kwa moja kwenye mabomba ya ndani ya gari. Ukitumia maji ya tangi, washa pampu. Ukiunganisha bomba la kambini, izime, na uweke kipunguza presha kwenye bomba kabla ya kuunga mpira wa maji, maana presha kubwa hupasua viungio vya ndani.

Sasa tendo ambalo kila mtu huliogopa: *kumwaga*. Anza na maji meusi, malizia na ya kijivu, ili maji ya sabuni yasuuze mpira wa maji taka. Hata ukiwa na bomba la maji taka pembeni, vali ya maji meusi ikae imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa. Ukiiacha wazi, majimaji hutiririka na kinyesi hubaki, kikajijenga kama kichuguu chini ya choo. Na mpira wa maji taka usikutane kamwe na ule wa maji ya kunywa, hata ndani ya sanduku la vifaa.

Hatua ya 3: Tenganisha umeme wa aina mbili

Betri hutoa umeme wa volti 12, unaoendesha taa na pampu. Umeme wa nje, ambao Amerika ya Kaskazini ni volti 120, huendesha kiyoyozi na oveni ya maikrowevu. *Konveta* huushusha umeme wa nje uwe volti 12 na kuchaji betri. *Inveta* hufanya kinyume chake. Maneno haya mawili huchanganywa hata na wauzaji.

Ukisikia "ampea 30" na "ampea 50", usidhani tofauti ni ndogo. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600. Plagi ya ampea 50 ina nyaya mbili za moto, kila moja na volti 120, hivyo hufikia wati 12,000. Ndiyo maana kwenye ampea 30 ukiwasha kiyoyozi na maikrowevu pamoja, swichi kuu inaweza kujikata.

Hatua ya 4: Soma kibandiko cha uzito

*Uzito mkavu* ni gari likiwa tupu. *Uzito wa juu kabisa* ni kikomo likiwa limepakiwa, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo nafasi ya mizigo yako. Maji nayo ni mzigo: lita 150 ni kilo 150. Kwa trela ya kawaida, *uzito wa ulimi*, yaani unaokandamiza tufe la kuvutia, uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Ukipungua, trela huanza kuyumba kama mkia.

Hatua ya 5: Maneno ya kambini

*Huduma kamili* ni maji, umeme na maji taka. *Huduma nusu* ni maji na umeme tu. Kulala porini bila huduma yoyote wenyewe huita bundoking. Neno hilo halihusiani na bunduki: shina lake ni "bundok", yaani mlima kwa Kitagalogi cha Ufilipino.

Nafasi ni ya *kupita moja kwa moja* au ya *kuingia kinyumenyume*. Anayeanza aombe ya kwanza bila aibu. Ukifika, sawazisha upande kwa upande kwa pima maji, kaza *kabari* kwenye magurudumu, ndipo uifungue trela kutoka kwenye gari. Kisha shusha jeki za pembeni, na mwisho kabisa toa *chumba cha kuvuta*, kile kinachochomoza ukutani.

Kabla ya safari, fanya haya yote ukiwa umeegesha nyumbani, ukitaja kila kitu kwa sauti. Utakapokwama kwenye neno, nenda ukakiguse kifaa chenyewe. Kwa zile vali za kumwagia, vaa glavu kwanza.