SOMO: Kumvua snuku kwenye mikoko ya Florida bila kukatiwa mshipi

Kila wiki naulizwa swali lilelile: mbona snuku, yule samaki wa kuvizia wa mikokoni, anatukatia mshipi? Nimechoka kujibu, kwa hiyo naandika mara moja. Somo hili ni kwa ndugu walioko Tampa, Fort Myers, Miami na pembezoni, wanaovua kutoka ufukweni, darajani au kwa kayaki.

1. Leseni. Kata leseni ya uvuvi wa baharini pamoja na kibali cha snuku, dola 10 kwa mwaka.

2. Maji. Soma jedwali la kujaa na kupwa. Maji yakisimama, pumzika. Snuku hazunguki kutafuta riziki. Anajibanza kwenye mizizi ya mikoko, nguzo za gati au kivuli cha daraja, kichwa kimeelekea mkondo, anavizia kinacholetwa na maji. Mimi napenda maji yanayopwa, maana dagaa na kamba hulazimika kutoka mikokoni kupitia mlango mmoja. Simama kwenye mlango huo. Wakati wa baridi mfuate mitoni na kwenye mifereji. Kiangazi husogea kwenye milango ya bahari kutaga.

3. Chambo. Mkizi mdogo, dagaa au kamba, hai. Ndoana moja ya duara.

4. Kutupa. Tupa upande mkondo unakotoka, chambo kije na maji mpaka kimfikie.

5. Kipande cha mwisho cha mshipi. Hapa ndipo samaki wengi wanapopotea, wangu wakiwemo. Meno ya snuku ni madogo, yanakwaruza tu. Silaha yake iko shavuni: kifuniko cha matamvua kina ukingo mkali kama wembe. Akinasa anaruka juu ya maji, anatikisa kichwa, mshipi unapita kwenye ukingo huo, basi. Mshipi mkuu wenye nguvu ya paundi 15 au 20 unatosha, lakini sentimita 60 hadi 90 za mwisho ziwe fluorokaboni (uzi mgumu wa plastiki usiokwaruzika upesi) ya paundi 30 hadi 40. Penye nguzo zilizojaa chaza, panda hadi 50.

Onyo: baada ya kila samaki, pitisha vidole kuanzia ndoanani kwenda juu. Ukihisi mkwaruzo, hata mdogo, kata ufunge upya kabla ya kutupa tena.

Onyo la pili: sekunde za mwanzo usimlegezee. Laza fimbo upande, umvute atoke kwenye mizizi. Akishazunguka mzizi mmoja tu, umemkosa, naye anabaki na ndoana mdomoni.

6. Kupima. Mdomo umefungwa, mkia umebanwa. Upande wa Atlantiki anayechukuliwa ni wa inchi 28 hadi 32, upande wa Ghuba ya Mexico 28 hadi 33. Mmoja kwa mtu kwa siku, tena msimu ukiwa wazi. Misimu hutofautiana kwa maeneo. Angalia tovuti ya FWC, tume ya Florida ya samaki na wanyamapori, kabla hujatoka nyumbani.

7. Kumrudisha. Lowesha mikono, mlaze, mkono mmoja chini ya tumbo. Usimning'inize kwa taya. Mshikilie majini mpaka apige mkia mwenyewe.

MASWALI

Chumvi2: Mkuu, chambo gani kizuri?

Jibu: Hatua ya 3.

KijanaWaGhuba: Jana nimepata wa inchi 37, nikaenda naye nyumbani. Mbona mnatisha watu na vipimo?

Jibu: Sitishi mtu. Umevunja sheria na umeua mzazi. Snuku huanza maisha akiwa dume, wengi hugeuka jike wakikua, ndiyo maana hao wakubwa kwa kawaida ni majike. Januari 2010 baridi iliua snuku wengi sana Florida, uvuvi wake ukafungwa, na upande wa Ghuba haukufunguliwa tena mpaka Septemba 2013. Tusirudi huko.

BiMkubwa_Tampa: Kaka, usiku kwenye gati lenye taa nawaona kabisa, wamejipanga, ule mstari mweusi wa ubavuni unaonekana hadi mkiani. Mbona hawali?

Jibu: Umeangalia vizuri, dada. Tazama tena wanachokula: ni vidagaa na kamba wadogo waliovutwa na mwanga. Chambo chako huenda ni kikubwa. Weka kamba mdogo, ndoana ndogo, fluorokaboni ya paundi 25. Wao husimama pale kivuli kinapokutana na mwanga, kwa hiyo tupa gizani, upande mkondo unakotoka, chambo kiingie kwenye mwanga chenyewe. Na tochi usiimulike majini.

Mtanga: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu Tanga yupo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hayupo, ni samaki wa Amerika, hadi Brazil. Lakini kungu wa mikokoni ana tabia hiyohiyo ya kuvizia na kukimbilia mizizi. Hatua ya 2, 4 na 5 zitakufaa. Ila kungu ana meno hasa, linda vidole.

Chumvi2: Kuna anayemuuza? Na ni kweli ana ladha ya sabuni?

Jibu: Kumuuza ni marufuku Florida tangu 1957. Wavu pia hapana, ni ndoana na mshipi tu. Sabuni ni ngozi yake. Zamani walimpika nayo wakamwita samaki wa sabuni. Chuna ngozi yote. Nyama ni nyeupe, inashikana, inapendeza kwenye nazi.

BiMkubwa_Tampa: Mshipi mkuu, wa kusuka au nailoni?

Jibu: Mikokoni wa kusuka, haunyumbuki, unamtoa haraka. Ukienda na watoto weka nailoni, ukivurugika ni rahisi kuufumua.