Kinasa data cha ndege kisichoacha mapengo

Ndege yetu ndogo isiyo na rubani ilianza kutikisika mkia tukiirusha juu ya mashamba ya mpunga ya Ahero, kwa kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Kinasa, kifaa kinachoandika vipimo vya safari kwenye kadi ya kumbukumbu, kilikuwa kimewashwa. Nilipofungua kadi hapa kibandani kwangu Kibuye, Kisumu, nikakuta data inaenda vizuri, inakatika robo sekunde, kisha inaendelea. Mtikisiko niliokuwa nautafuta uliangukia ndani ya pengo. Uliniuma sana, kwa sababu mkia ule ungeweza kung'oka juu ya vichwa vya watu wanaopalilia.

Anza na hesabu kabla hujashika solda. Mota yetu huzunguka mara 9,000 kwa dakika, yaani 150 kwa sekunde. Propela ina mapanga mawili, kwa hiyo mtikisiko wake ni 300 kwa sekunde. Ili kuunasa unahitaji sampuli, yaani vipimo, zaidi ya mara mbili ya hizo: zaidi ya 600 kwa sekunde. Mimi huchukua 3,200 nione na mitikisiko ya juu yake. Kihisi cha mtikisiko cha ADXL345 kinaimudu kasi hiyo ukikiunganisha kwa SPI, njia ya haraka ya nyaya kati ya chipu na chipu. Kwa I2C, njia nyingine iliyo polepole zaidi, ya kilohezi 400 mwisho wake ni sampuli 800, basi usijaribu.

Kihisi hupima pande tatu (mbele-nyuma, kushoto-kulia, juu-chini), baiti mbili kila upande, mara 3,200: baiti 19,200 kwa sekunde. Kadi yoyote ya dukani inabeba mzigo huo. Lakini kadi husimama ghafla kujipanga ndani yake, na kanuni za SDHC, aina ya kadi ninayotumia, zinairuhusu kukaa hadi milisekunde 250. Hapo ndipo baiti zangu 4,800 zilikuwa zikimwagika, maana akiba ya kihisi chenyewe ni sampuli 32, sawa na milisekunde 10 tu.

Kwa hiyo weka bafa ya duara katikati, yaani akiba ya kumbukumbu inayojazwa upande mmoja na kutolewa upande mwingine, ikifika mwisho inarudi mwanzo. ESP32, chipu inayoendesha kinasa, ina viini viwili: kimoja kisome kihisi na kujaza bafa, kingine kitoe na kuandika kwenye kadi kwa vipande vya baiti 512. Anayesoma asimsubiri anayeandika hata mara moja. Bafa ya baiti 32,768 inakupa sekunde 1.7 za kupumua. Tenga nafasi ya faili yote kabla ndege haijaondoka, na uhifadhi kila sekunde, ili betri ikichomoka upoteze sekunde moja na si safari nzima.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote. Ndege ya kijeshi leo hubeba kamera, kesho kifaa kingine kabisa, na kinasa hakiwezi kuundwa upya kila safari. Kanuni za IRIG 106 za kunasa data za majaribio ya ndege, sura ya 10, zinatatua hilo kwa pakiti, yaani mafungu ya data: kila moja inaanza na alama EB25, kisha namba ya chaneli, urefu, namba ya mfululizo, aina ya data na muda. Kinasa hakijali kilichomo. Niliazima wazo hilo, ila maelezo ya mwanzo wa pakiti nikayafupisha, na kila kihisi nikakiweka kwenye bodi yake ndogo yenye plagi. Siku tulipotaka kupima joto la mota, nilichomeka bodi, nikaipa namba ya chaneli, basi. Programu ya kuandika kwenye kadi sikuigusa.

Kadi nayo ibane. Mtikisiko huilegeza kwenye tundu lake. Tone moja la gundi ya moto pembeni linatosha, na linabanduka kwa ukucha.

Usikijaribu angani kwanza. Kifunge kwenye boda boda, chini ya kiti, uende nayo barabara ya Ahero. Pakiti zangu hubeba sampuli 100 kila moja, 32 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 20 ni pakiti 38,400. Rudi uhesabu namba za mfululizo zote, usichague chache. Kijana ninayemfundisha kazi aliniita mara moja, kidole kwenye skrini: "Fundi, 1,842 haipo." Moja kati ya maelfu. Tulibadilisha kadi, tukapandisha bafa hadi baiti 65,536, akapanda boda tena. Alipohesabu mara ya pili zilikuwa kamili, na jioni hiyo ndipo tulipokifunga kinasa kwenye ndege.