Wakiomba Hotel California, Usikimbize Chuma

Ijumaa usiku, hoteli ya ufukweni hapa Mwanza. Mhudumu anapita na sahani ya sato, mkono mwingine kashika kikaratasi kilichokunjiwa ndani ya noti ya elfu tano. Sijakifungua na tayari najua kimeandikwa nini: Hotel California. Eagles, bendi ya roki ya Marekani, waliutoa wimbo huo mwaka 1976, na kwetu huku hauzeeki.

Mimi napiga gitaa la stili lenye pedali, lile linalolala kama meza. Mama mmoja wa Kirumba aliwahi kuniuliza kama napokea na nguo za kushona. Sikumlaumu: mguu wa kushoto unakanyaga pedali, magoti yanasukuma vyuma chini ya meza, wa kulia unaongeza na kupunguza sauti. Cherehani kabisa.

Mwanzoni nilikuwa natafuta kila kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, kwa kukimbiza chuma, kile kipande ninachotelezesha juu ya nyuzi kwa mkono: F# freti ya 2, A ya 5, E mpaka ya 12. Kikisafiri mbali hivyo, ama kinachelewa ama kinapitiliza, na freti za stili ni mistari tu iliyochorwa, haikushikii sauti. Siku moja mpiga besi aliacha kupiga akanitazama.

Dawa ni kuiachia miguu kazi. Naongelea mtuno wa E9, yaani mpangilio wa sauti za nyuzi, pedali zikiwa A, B, C kuanzia kushoto; herufi inayokuja baada ya nukta mbili ni jina la kodi. Piga uzi wa 3, wa 4 na wa 5. Weka chuma freti ya 10, kanyaga A peke yake: hiyo ni Bm. Shuka ya 9, kanyaga A na B pamoja: F#. Panda ya 12 bila kuachia: A. Sasa achia: E. Rudi ya 10 na A na B: G. Achia: D. Hapohapo kanyaga B na C: Em. Malizia ya 9 kwa A na B, F# tena, umerudi mlangoni. Kodi nane, na chuma hakijatoka kati ya freti ya 9 na ya 12. Kiitikio nacho kinakaa humohumo: G, D, F#, Bm, halafu G, D, Em, F#.

Kanyaga kwanza, ndipo uchomoe uzi. Ukichomoa kwanza halafu ukakanyaga, sauti inalia kama nyimbo za kantri za Jim Reeves. Wazee watafurahi, lakini aliyetoa elfu tano hakuomba hivyo. Ukitaka ukali wa roki, ongeza mkwaruzo kwenye amplifaya na upige nyuzi mbili tu. Tatu zinageuka uji.

Solo ya mwisho ni magitaa mawili yanajibizana. Mwachie mpiga solo. Kama hayupo, piga tuni ya mwimbaji, watu wataimba wenyewe.

Mwimbaji wetu hafiki huko juu, kwa hiyo tunashusha wimbo kutoka Bm hadi Am: toa 2 kwenye namba ya kila freti, miguu isibadilike.

Weka kitambaa kikavu pajani. Upepo wa ziwa ukichanganyika na jasho, chuma kinateleza kama dagaa wabichi, na nyuzi zisipofutwa usiku uleule zinashika kutu.

Kikaratasi cha pili mara nyingi kinaomba wimbo uleule. Kikija na noti, tunarudia.